Mwito wa Tatu wa Oronzo

Nina mke mwenzangu wa shaba. Mume wangu asipombusu, hasemi neno. Ni nani huyo?

Watoto wa bendi wote wanajua jibu, maana nimewategea kitendawili hicho ndani ya basi mpaka wameota ndevu. Ni flikorno ya Oronzo, ile tarumbeta fupi yenye tumbo pana na sauti ya mwanamke. Kwetu Puglia, kusini mwa Italia, bendi ya kuzunguka haibebi waimbaji. Opera nzima, tangu mapenzi mpaka mazishi, hupigwa kwa pumzi na shaba tu. Yale matarumbeta makubwa ya kukumbatia ndiyo wafalme na baba wakwe, tromboni ni mchumba, na flikorno ndiyo binti mwenyewe, anayelia na kuliliwa. Mume wangu ana masharubu na miaka sitini na tisa, na kila kiangazi huwa binti katika viwanja thelathini. Hakuna aliyewahi kumcheka.

Mimi kazi yangu ni pasi, sindano na vifungo. Watu arobaini, kila mtu koti lenye vifungo vinane. Nenda kapige hesabu. Ndiyo maana nilikuwepo siku ile ya Montesalino, na ninayoandika hapa nimeyaona kwa macho yangu.

Juma moja kabla yake Oronzo alikuwa amekosea. Tulikuwa tukipiga opera ambayo ndani yake binti anasimama dirishani na kumwita mchumba wake aliyepelekwa vitani. Anamwita mara tatu. Mwito wa kwanza uko chini, kama mtu anayeita jirani. Wa pili umepanda. Wa tatu uko kule juu wanakoruka mbayuwayu, na hapo ndipo watu hufumba macho. Oronzo alifika juu, pumzi ikamwisha, binti akanyamaza katikati ya jina la mpenziwe.

Baada ya onyesho Maestro Laricchia, anayeiongoza bendi kwa fimbo, alimwita kando. Maestro wetu ni mtu wa miaka arobaini na moja, mpole kwa sauti, mgumu kwa maamuzi.

“Bwana Oronzo,” alisema, “Jumapili ijayo, Montesalino, tunapiga opera hii hii. Mwito wa tatu ukitoka, kiti cha kwanza ni chako. Usipotoka, Jumatatu anakikalia Ornella, wewe unakaa pembeni yake.”

Ornella ndiye flikorno wa pili. Binti wa miaka ishirini na nne, amefundishwa na Oronzo mwenyewe jikoni kwangu, akiwa bado hafiki mezani bila mto wa kukalia.

“Ni haki,” alisema Oronzo, akampa Maestro mkono. Kwetu mkono ni zaidi ya karatasi. Lakini kile kiti alikikalia baba yake, na kabla ya baba yake alikikalia babu yake. Juma zima hakula ila nusu sahani.

Basi tukafika Montesalino asubuhi ya sikukuu ya Mtakatifu Pantaleo. Jua lilikuwa limeshaanza kuchoma mawe. Bendi zilikuwa mbili, kama inavyotakiwa kwenye sikukuu yenye heshima: sisi wa Casalvento kwa makoti ya buluu, na wale wa Torrecupa kwa makoti meupe. Wao flikorno wao wa kwanza ni Vitantonio, mwenye kifua kama pipa na miaka sabini na moja. Yeye na Oronzo wamekuwa wakichokozana tangu wote wawili walipokuwa na nywele.

Bendi zilizunguka mitaa, moja huku, nyingine kule, zikapiga nyimbo zao za maandamano chini ya madirisha, kisha zikakutana mbele ya kanisa.

“Oronzo!” Vitantonio aliita kabla hata hajafuta jasho. “Bado unatembea? Mimi niliambiwa wamekufungia kabatini pamoja na ngoma mbovu.”

“Nimetoka kuja kukuona wewe,” Oronzo akamjibu. “Niliambiwa wanakuleta kwa toroli.”

Sasa, Montesalino wana desturi yao. Kabla bendi hazijatawanyika kwenda kutembea, mkuu wa kamati ya sikukuu huwalisha flikorno wa kwanza wawili kashata ya lozi kwa mkono wake, watu wote wakiangalia, ili pembe ziwe tamu jioni. Kuikataa ni tusi. Na kashata ya Montesalino, jamani, si kashata. Ni tofali lililotiwa sukari. Mpigaji mwenye akili hujua la kufanya: pokea, iweke shavuni, tabasamu, kisha nenda nyuma ya kanisa uiteme ndani ya leso. Oronzo amefanya hivyo mara saba katika mji ule. Leso nazifua mimi, najua.

Mkuu wa kamati mwaka huo alikuwa mama mmoja aitwaye Teodora, mnene, mwenye hereni zinazogonga mabega. Alianza na Vitantonio. Vitantonio akapokea kipande kama ukucha wa ng'ombe, akainua kichwa, akamwangalia mume wangu jicho kwa jicho, na tukasikia wote: krak! Watu wakashangilia.

“Meno ya Torrecupa hayo!” akasema.

“Oronzo,” nikanong'ona nyuma yake. “Shavuni.”

Hakunisikia, au alinisikia. Mama Teodora akampa kipande chake. Akang'ata. Nikasikia krak mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kashata. Ya pili niliijua mimi peke yangu, kwa sababu ni mimi ninayeyatia yale meno kwenye glasi kila nikizima taa.

Watu walipiga makofi. Oronzo akatabasamu kwa midomo iliyofungwa kama bahasha, akainama mbele ya Mama Teodora, akanishika mkono, akanivuta mpaka nyuma ya kanisa. Alipofungua leso, sahani ya meno ya bandia ya juu ilikuwa vipande viwili, na meno manne ya mbele yamelala kando kando kama watoto waliogombana.

“Nyamatha, Nata,” akaniambia. “Uthitheme kwa mtu.”

Kuanzia hapa nitayaandika maneno yake sawasawa, kwa heshima yake. Lakini nyinyi mjue yalivyokuwa yakitoka.

“Mtu wa miaka sitini na tisa!” nikamwambia. “Kwa ajili ya krak ya Vitantonio!”

“Nipigie kelele Jumatatu. Leo nitafutie daktari.”

Tukamtafuta. Daktari wa meno wa mji ule alikuwa mmoja, na mlangoni pake palikuwa na karatasi: amekwenda baharini. Duka la dawa likatuonyesha dawa ya kugandisha meno kwenye ufizi, si ya kuunga kilichovunjika. Nikamwomba Mtakatifu Pantaleo, maana yeye ni tabibu, ila moyoni nilijua naomba kwenye dirisha lisilo lake. Meno ni kazi ya Mtakatifu Apolonia, na yeye Montesalino hana hata kibanda.

Maestro alikuwa amewapa watu ruhusa ya kutembea mpaka saa kumi. Tukaona tukijitenga tutashukiwa, kwa hiyo tukaungana na wenzetu: vijana wa klarineti mbele, wanatania, wapiga ngoma wakilamba barafu tamu, Ornella na simu yake akipiga picha za kila kitu, hata paka. Oronzo alibeba sanduku la flikorno begani. Haliachi popote, hata chooni anaingia nalo. Akiulizwa neno, anaitikia kwa kichwa.

“Mjomba Oronzo leo ana maringo,” alisema Ornella. “Amepewa kashata na mama mkuu, hataki tena kusema na sisi maskini.”

“Anatunza sauti,” nikasema.

“Sauti? Anapiga kwa mdomo, Shangazi, si kwa koo.”

Nikajifanya nimeona ndege.

Mlangoni pa kanisa kuu la zamani kuna simba wawili wa mawe, wamebeba nguzo migongoni. Wa kulia bado ni simba. Wa kushoto mvua na chumvi vimemla uso: hana pua, hana meno, mdomo umebaki shimo la duara. Watoto huingiza mikono humo. Wenzetu walipiga picha wakaingia ndani kuona sakafu yenye michoro ya samaki. Oronzo akabaki nje, akamtazama yule simba wa kushoto kwa muda mrefu, mpaka nikaogopa labda jua limempiga.

“Nata,” alisema, “huyu ana miaka mingapi?”

“Mia nane, wamesema.”

“Na nguzo hajaidondosha.”

Akanyanyua sanduku. “Nitafutie mahali ambapo hakuna mtu atakayenisikia.”

Hapo nilijua maneno yamekwisha. Nimeishi naye miaka arobaini na sita. Anaposema kwa sauti ile, hata ukimziba njia kwa ng'ombe atapita chini ya ng'ombe.

Montesalino chini ya mitaa yake kuna vinu vya kale vya mafuta ya zeituni, vilivyochimbwa kwenye mwamba, ambamo zamani watu na punda waliingia mwezi wa kumi na kutoka mwezi wa tano. Siku hizi ni kwa ajili ya wageni. Tulishuka na wenzetu, tukaona jiwe kubwa la kusagia, mashimo ya mafuta, na lile tundu la paani ambalo zeituni zilimwagwa kutoka barabarani. Wenzetu walipopanda kwenda kuona ngome, sisi tukabaki. Mlinzi, mzee mwembamba mwenye funguo kiunoni, akaja kututoa.

“Nafunga, naenda kula. Nafungua saa kumi.”

“Funga,” alisema Oronzo.

“Na nyinyi?”

“Tufungie humu humu.”

Mlinzi akanitazama mimi, kama vile watu wanavyomtazama mwenye mgonjwa. Nikampa tabasamu la mke mwenye subira. “Anataka kufanya mazoezi,” nikamwambia. “Jioni anakuwa binti.”

Akafunga. Nikasikia funguo zikipanda ngazi.

Kwanza tulijaribu nta. Nilikuwa nimenunua mshumaa kanisani. Nikauyeyusha kwa kiberiti, nikaunga vipande viwili vya meno kwa uangalifu kama ninavyounga kola ya koti. Vikashikana. Akavitia mdomoni, akaweka flikorno, akavuta pumzi na kupuliza. Meno yakatoka kama risasi, yakagonga jiwe la kusagia, yakapotea kwenye shimo la mafuta.

Tukatazamana. Mimi ndiye nilianza kucheka. Yeye hakucheka, lakini masharubu yalitikisika.

“Basi,” alisema. “Sasa hakuna tena cha kutegemea.”

Kwa asiyejua: tarumbeta haipigwi na mapafu tu. Kile kidomo cha shaba hukaa juu ya midomo, na nyuma ya midomo lazima kuwe na ukuta. Ukuta ni meno ya mbele. Ukuta ukianguka, mdomo unazama ndani na sauti inakufa. Lakini upande wa kulia Oronzo alikuwa bado na jino lake la chonge, na nyuma yake mawili mengine, yake mwenyewe, ya manjano kama mahindi na imara kama misumari. Akasogeza kidomo pembeni, kwenye kona ya mdomo, akapuliza.

Mbuzi aliyekanyagwa mkia angetoa sauti nzuri zaidi.

Akapuliza tena. Na tena. Midomo yake ilikuwa imezoea kazi mahali pamoja kwa miaka sitini; kona ile ilikuwa haijawahi kufanya kazi hata siku moja. Ilikuwa kama kumwambia mkono wa kushoto uandike barua ya mapenzi. Baada ya nusu saa akapata noti moja ya chini. Baada ya saa moja akapata nne. Nilimlowekea mkate mkavu kwa maji, nikauponda na nyanya, akala wima, akarudi kwenye flikorno.

“Tega kitu,” aliniambia, akipumzisha mdomo. “Nisifikirie.”

“Akiingia ni upepo, akitoka ni mwanamke.”

“Pumzi yangu.”

“Mwanamke gani?”

“Anayemwita mwanamume ambaye hatarudi,” alisema, akafuta mate. “Na anajua hatarudi, Nata. Ndiyo sababu anapanda. Asingejua, angeita mara moja tu, aende zake kupika.”

Akapiga mwito wa kwanza. Ukatoka. Akapiga wa pili. Ukatoka ukitetemeka. Akaenda kwa wa tatu, na wa tatu ukageuka upepo mtupu, fyuuu, ukapotea paani. Alirudia mara tatu, mara kumi. Mara ya ishirini niliacha kuhesabu, kwa sababu kona ya mdomo ilikuwa imeanza kutoa damu.

“Imetosha,” nikasema.

“Bado.”

Saa kumi funguo zilishuka ngazi. Lakini kabla ya mlinzi, alitangulia mtu mpana mwenye koti jeupe.

“Nani anachinja mbuzi humu ndani?” aliuliza Vitantonio. “Nimelala kwenye benchi huko juu, sauti inatoka kwenye tundu la zeituni moja kwa moja sikioni kwangu!”

Akatuona. Oronzo akafunga mdomo, lakini alikuwa amechelewa. Vitantonio si mjinga. Alitazama kidomo, akatazama kona ya mdomo, akatazama lile pengo la meno. Uso wake ukashuka.

“Kashata?” aliuliza.

Nikajibu mimi. “Kashata. Na wewe na krak yako!”

Vitantonio akakaa juu ya jiwe la kusagia. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa maganda mawili ya lozi yaliyopasuka, akatuonyesha kiganjani. “Krak yangu hii hapa. Niliyaminya kwa mkono, nyuma ya koti. Kashata ilikuwa shavuni, kama kila mwaka.” Kisha, kwa aibu ambayo sijawahi kuiona kwake, akaingiza vidole mdomoni na kutoa meno yake, ya juu yote na ya chini yote, akayashika mbele yetu. “Thina hata moja. Miaka kumi na miwili thatha.”

“Mshenzi wewe,” alisema Oronzo.

“Mthenzi,” alikubali Vitantonio, akayarudisha. Halafu akainama mbele. “Sikiliza. Nyuma ya jukwaa kuna pazia la kamati. Bendi yangu inapiga kwanza. Nikimaliza niko huru. Wewe piga mwito wa kwanza na wa pili. Wa tatu, wewe shika flikorno mdomoni, mimi nipige nyuma ya pazia. Hakuna mtu atakayejua. Nimekuharibia mimi, acha nitengeneze mimi.”

Nakiri, moyo wangu ulisema ndiyo. Ulisema ndiyo kwa nguvu.

Oronzo alifungua sanduku, akaweka flikorno ndani taratibu. “Binti amwite mpenziwe kwa mdomo wa jirani?” alisema. “Hapana, Vitantonio. Kilichovunjika ni changu, nilikivunja mwenyewe. Hukunishika taya.”

“Utaaibika.”

“Huenda.”

Vitantonio akatikisa kichwa, akatoa kidomo cha akiba kwenye mfuko wa kifuani. Kilikuwa na ukingo mpana, mnene, laini kama pete ya zamani. “Basi chukua hiki. Hiki hakikati mdomo. Ni cha wasio na meno.”

Hicho Oronzo alikipokea.

Tukaenda kwa Maestro. Mimi nilitaka tunyamaze. Oronzo akasema mkono alioutoa hautaki siri. Maestro alikuwa chini ya kivuli cha jukwaa, akipanga karatasi. Oronzo akafungua mdomo.

“Funga, watu wanaona,” alisema Maestro, akapauka. Aliposikia habari yote, aligonga fimbo yake kwenye goti. Ornella alikuwa hatua mbili tu, akipaka mafuta vali za flikorno yake, na alisikia kila neno.

“Ingekuwa ajali, ningekusamehe,” Maestro alisema mwishowe. “Lakini uling'ata kwa ubishi. Chagua. Ornella apige leo, na kiti kiwe chake. Au upige wewe, na ukikosa, kiti kiwe chake vilevile.”

“Napiga.”

“Maestro,” Ornella akaingilia, uso mwekundu, “mimi sitaki kiti cha kashata.”

“Hukuulizwa,” alisema Maestro.

“Hukuulizwa, binti yangu,” alisema Oronzo pia, lakini yeye kwa upole.

Jukwaa la Montesalino ni la duara, lina paa la kuba, nguzo nyembamba na nakshi za mbao zilizopakwa nyeupe, waridi na kijani, kama keki ya arusi iliyosahauliwa uwanjani. Torrecupa walipiga kuanzia saa kumi na moja, na Vitantonio alipiga vizuri, nisimdhulumu. Saa moja tukapanda sisi. Jua lilikuwa bado kwenye mapaa. Watu walikuwa wamekuja na viti vyao kutoka majumbani, wamekaa wameuzunguka uwanja. Mimi nilikuwa kwenye ngazi za jukwaa na kikebe changu cha pini. Mbele yangu, mstari wa kwanza, alikaa mzee mmoja mwenye kofia ya majani, mikono juu ya fimbo. Wazee wa namna ile nawajua. Hawana karatasi. Opera yote wanayo kichwani, na flikorno akikosea nusu ya noti wataisimulia mpaka Krismasi.

Sehemu ya kwanza ilipita. Oronzo alipiga pembeni, shingo imepinda kidogo kama mtu anayesikiliza mlangoni. Watu walinong'onezana, kisha wakazoea. Kisha tukafika pale binti anaposimama dirishani. Bendi ikashuka mpaka ikabaki ngoma moja inayogonga kama moyo. Oronzo akasimama.

Mwito wa kwanza ukatoka, mtulivu. Wa pili ukapanda, ukasimama. Nikashika pini mpaka ikanichoma. Wa tatu akaupandia, akaufika, na hapo juu sauti ikapasuka vipande viwili: kipande kimoja kikaanguka, kingine kikaning'inia kidogo, kikafa.

“Imepasuka,” alisema mzee wa kofia. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema mvua imenyesha.

Bendi ikamalizia noti chache zilizobaki. Makofi yakaja, yale ya adabu, ya viganja viwili visivyofahamiana. Ornella alikuwa ameinamisha kichwa. Maestro akashusha fimbo, akageuza ukurasa.

Oronzo hakukaa.

Kwetu flikorno hurudia kipande pale tu watu wanapopiga kelele “Tena!” Ni haki ya uwanja. Hakuna mpigaji anayejiombea mwenyewe. Ni kama bwana arusi kujipigia vigelegele. Mume wangu alisimama mbele ya Montesalino yote na kumwinulia Maestro kidole kimoja.

Maestro akatikisa kichwa.

“Kaa chini, babu!” mtu alipaza sauti kutoka nyuma. Wengine wakacheka.

Oronzo akafungua mdomo. Siku nzima alikuwa ameuficha. Sasa aliufungua wazi, shimo lote lionekane, na damu kwenye kona. “Maethtro,” alisema, na uwanja mzima ukasikia. “Tena.”

Watoto waliangua kicheko. Wakubwa hawakucheka tena, kwa sababu walikuwa wameelewa walichokuwa wakikisikiliza tangu saa moja. Mama Teodora alijishika hereni.

Kisha nikasikia karatasi. Ilikuwa moja tu, jukwaani. Ornella alikuwa amegeuza ukurasa wake nyuma, kule dirishani, akauweka sawa kwa kiganja, akainua flikorno yake tayari. Ornella, ambaye kiti kilikuwa kimeshakuwa chake. Baada yake akageuza mpiga klarineti. Kisha tromboni. Kisha karatasi zikawa nyingi, kama kuku waliotikisa mbawa, na Maestro akajikuta amesimama mbele ya stendi arobaini zote zimefunguliwa mahali ambapo yeye hakusema.

Akawatazama mmoja mmoja. Akageuza na wake. Akainua fimbo.

Moyo wa ngoma ukaanza. Mwito wa kwanza. Wa pili. Oronzo akashusha flikorno kabla ya wa tatu, akalamba damu, akapandisha tena. Kituo hicho hakimo kwenye karatasi, lakini Maestro alimngoja, na ngoma ikamngoja. Akavuta pumzi mpaka vifungo vyangu vikalia.

Ukatoka.

Sitawadanganya kwamba ulikuwa mzuri kama wa ujana wake. Ujanani ulikuwa kama hariri. Huu ulikuwa mkavu, una mikwaruzo pembeni, kama sauti ya mwanamke aliyeita siku nyingi. Lakini ulikaa kule juu. Ulikaa, ukakaa, na haukutikisika hata pale ngoma iliponyamaza chini yake na kuuacha peke yake hewani, mpaka Oronzo alipouteremsha mwenyewe, kwa hiari yake, polepole.

Mzee wa kofia alikuwa amevua kofia. “Sasa amemwita,” alisema.

Ndipo uwanja ukalipuka. Watu walisimama juu ya viti vyao. “Tena!” walipiga kelele. “Tena! Tena!” Na chini karibu na pazia la kamati koti jeupe moja lilikuwa likipiga kelele kuliko wote.

Oronzo akawatikisia kichwa, hapana. Akakaa kitako kwenye kiti cha kwanza, akafuta mdomo kwa leso.

Maestro alisubiri kelele zipungue. Kabla hajainua fimbo kwa sehemu inayofuata, aliinama kidogo upande wa kulia, na mimi pale ngazini nilimsikia.

“Kaa hapo hapo, Bwana Oronzo.”

“Nimethakaa,” alisema mume wangu, akageuza ukurasa.